Yale Yanayodhaniwa na Lugha za Programu Juu ya Mfumo Endeshi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo, ijapokuwa ni la wahandisi wa kompyuta, linamgusa kila mwanaisimu anayehifadhi matini yake katika mashine. Lugha ya programu haiji kwetu peke yake. Huja pamoja na maktaba yake sanifu, yaani mkusanyo wa maneno yaliyo tayari ya kufungulia faili, kusomea herufi, kuulizia saa na kuamrishia programu nyingine. Maktaba hiyo imejaa dhana juu ya mfumo endeshi utakaoipokea, na aghalabu dhana hizo hazitajwi katika vitabu vya kufundishia. Huonekana siku ile faili liitwalo ng'ombe linapokataa kufutwa, au neno Gĩkũyũ linapogeuka GÄ©kÅ©yÅ© mbele ya macho ya msomaji.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Lugha ya programu ina sarufi: kanuni za kujenga tungo, kutaja vitu, kurudia tendo na kuchagua njia. Sarufi hiyo haina haja ya mwenyeji. Mtu aweza kuiandika ubaoni na kuijadili darasani pasipo mashine yoyote. Lakini lugha C, kwa mfano, haina katika sarufi yake hata kitenzi kimoja cha kuandika neno kwenye kioo cha kompyuta, wala cha kupokea neno kutoka kwa mtu. Vitenzi hivyo vyote vimo katika maktaba, na kila kimoja, mwisho wa safari yake, huuomba mfumo endeshi uifanye kazi. Waliotunga kanuni za C walilijua hili barabara. Wametaja makazi ya namna mbili, moja lenye mwenyeji na jingine lisilo naye, na katika hilo la pili programu haiahidiwi sehemu kubwa ya maktaba.

Kwa hiyo swali letu ni hili: maktaba inapopiga hodi, inadhani nani atafungua mlango?

Ili tulijibu hatuna budi kurudi katika maabara za Bell nchini Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix mwaka 1969. Lugha C ilikua hapo hapo mikononi mwa Ritchie katika miaka ya mwanzo ya 1970, na mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa C. Lugha na mwenyeji wake, basi, walilelewa nyumba moja. Kwa Unix, faili ni mfululizo wa baiti tu, kila baiti ikiwa nambari moja kati ya 0 na 255. Mfumo haujui kama baiti hizo ni shairi, picha au hesabu ya mishahara. Mwisho wa mstari huonyeshwa kwa baiti moja, ile ya nambari 10, na faili huisha pale baiti zinapoisha.

Leo maelezo hayo yaonekana kana kwamba yasingeweza kuwa vinginevyo. Siku zile yalikwenda kinyume cha desturi. Katika mashine kubwa za IBM faili lilikuwa mrundo wa rekodi, mara nyingi za herufi 80 kila moja kwa kuwa kadi za kutoboa zilikuwa na safu 80, na mstari mfupi ulijazwa nafasi tupu hadi utimie. Katika CP/M, mfumo wa kompyuta ndogo wa miaka ya 1970, faili lilipimwa kwa vipande vya baiti 128; na kwa kuwa matini hayaishi daima kwenye mpaka wa kipande, baiti ya nambari 26 iliwekwa kuonyesha mwisho wake. MS-DOS ikairithi desturi hiyo, pamoja na ile ya kumaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. Athari zake zingalipo katika Windows: programu ya C inayosoma faili huko kwa namna ya matini yaweza kukutana na baiti ya 26 katikati na kudhani kuwa faili limekwisha.

Kamati ya ANSI iliyoanza kuisanifisha C mwaka 1983, na kuimaliza kazi hiyo mwaka 1989, ilikuta lugha imekwisha hama nyumbani kwake na kukaa kwa wenyeji wa kila namna. Mtu akizisoma kanuni zake kwa jicho la mwanaisimu ataona makovu ya mabishano. Anayefungua faili hutakiwa aseme kama ni la matini au la baiti tupu. Kwenye Unix tofauti hiyo haina maana yoyote, imewekwa kwa ajili ya wengine. Kanuni zasema kwamba nafasi tupu zilizoandikwa mara tu kabla ya mwisho wa mstari zaweza kuonekana au zisionekane faili linaposomwa tena. Hiyo ni heshima kwa wenye rekodi za herufi 80, ambao hawawezi kutofautisha nafasi aliyoiandika mtu na ile iliyojazwa na mashine. Zasema pia kwamba faili la baiti laweza kukutwa limeongezewa sifuri mwishoni, na hiyo ni heshima kwa wenye vipande. Ama saraka, yaani orodha ya mafaili, haikutajwa kabisa. Mpaka leo programu iliyoandikwa kwa C sanifu tupu yaweza kulifuta faili au kulibadili jina ikiwa inalijua jina lake. Kuuliza ni mafaili gani yaliyopo haiwezi, kwa maana wenyeji hawakupatana juu ya saraka ni kitu gani.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya C haikufanya vile. Haikuchagua lahaja moja. Ilipunguza madai yake hadi kubaki na yale ambayo kila mwenyeji angeweza kuyatimiza. Waliofanya kama Mombasa ni watu wa POSIX, kanuni zilizotolewa na shirika la IEEE mwaka 1988, ambazo zilitwaa desturi za Unix na kuzifanya sanifu, saraka zikiwamo. Na kwa maoni yangu POSIX ndiyo iliyoshinda, hata pale isipotajwa. Lugha nyingi zilizozaliwa baadaye huahidi kukaa kwa mwenyeji yeyote, lakini maktaba zake husema lafudhi ya Unix.

Tuchukue neno system la maktaba ya C. Neno hili hupokea mfuatano wa herufi na kuupeleka kwa mfasiri wa amri wa mfumo endeshi. Likipewa kapa badala ya amri, hujibu kama mfasiri wa namna hiyo yupo au hayupo; ni hodi ya kweli kabisa. Lakini hodi ikiitikiwa, kanuni hazisemi lolote juu ya lugha anayoielewa mfasiri huyo. Kwamba Windows hufuta faili kwa amri ya del na Unix kwa rm si tatizo kubwa, kwa sababu kosa lake huonekana mara moja. Tatizo limo katika ritifaa. Mfasiri wa amri wa Windows huihesabu ritifaa ya kawaida kuwa herufi kama nyingine. Mfasiri wa Unix huihesabu kuwa mwanzo wa nukuu, na husoma kila kitu baada yake kuwa neno moja mpaka akutane na ritifaa ya pili.

Sasa tuseme mtafiti ana mafaili mawili, ng'ombe.txt na ng'ambo.txt, na programu yake yataka kuyafuta kwa amri moja ya rm. Ritifaa ya kwanza yafungua nukuu, ya pili yaifunga. Mfasiri huziondoa alama zote mbili na kubaki na jina moja refu, lenye nafasi tupu katikati: «ngombe.txt ngambo.txt». Faili la jina hilo halipo. Ikiwa amri imeandikwa pamoja na kibali cha kutolalamika, yaani -f, hakuna ujumbe wowote utakaotokea. Programu itaendelea kana kwamba mafaili yamefutwa, nayo yangalipo. Mafaili yakiwa maneno ya Kiingereza, mtunzi wa programu aweza kuishi miaka mingi asikutane na ritifaa katika jina la faili. Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya tahajia, na bila hiyo ng' hugeuka kuwa konsonanti nyingine. Hili ndilo alilolifanya mfasiri hapa: ameifuta sauti.

Dawa inayopendekezwa ni kumwepuka mfasiri na kuikabidhi programu nyingine orodha ya maneno, kila neno peke yake, kama zifanyavyo maktaba za Python na Go. Dawa ni nzuri, ila nayo yadhania Unix, ambako programu mpya hupokea maneno yakiwa yamekwisha tengwa. Windows huipa programu mstari mmoja mzima na kuiachia ikate yenyewe. Kwa hiyo maktaba hulazimika kuyaunganisha maneno yale na kutia alama za nukuu kwa kubahatisha kwamba programu ya upande wa pili itayakata kwa desturi ile ile.

Wengine hukimbilia ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuchapia huiweka zenyewe pasipo kuulizwa. Hiyo haimshtui mfasiri wa Unix. Lakini katika Unicode ritifaa iliyonyooka ina nambari U+0027, iliyopinda U+2019, na ipo ya tatu, U+02BC, iliyotengwa kuwa herufi hasa na si alama ya uandishi. Kwa jicho la mtu ng'ombe hao ni mmoja. Kwa saraka ya Unix ni watatu.

Hapa tumefikia swali gumu kuliko yote: jina la faili ni neno au ni baiti? Unix hujibu kwamba ni baiti. Jina laweza kuwa na baiti yoyote isipokuwa mbili: 47, ambayo ni mkwaju unaotenga saraka, na 0, ambayo katika C huonyesha mwisho wa maneno. Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993, hujibu kwamba jina ni mfuatano wa nambari za biti 16 za Unicode. Huzikataa alama kadhaa, kama vile nukta pacha na alama ya kuuliza. Haikubali faili kuitwa CON wala AUX. Na kwa desturi haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Macintosh, katika mfumo wake wa mafaili wa HFS+ wa mwaka 1998, ilijibu kwamba jina ni neno, tena neno linalopaswa kuandikwa kwa umbo maalumu.

Umbo hilo lahitaji maelezo, maana lugha zetu ndizo zinazoumia. Herufi ĩ ya Gĩkũyũ na ya Kĩkamba yaweza kuandikwa katika Unicode kwa njia mbili. Ya kwanza ni alama moja, U+0129, ambayo kwa msimbo wa UTF-8 huchukua baiti 2. Ya pili ni i ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi, U+0303, na jumla yake ni baiti 3. Vivyo hivyo kwa ũ. Neno Gĩkũyũ lina herufi 6. Kwa njia ya kwanza ni baiti 9, kwa njia ya pili ni baiti 12. HFS+ iliyavunja majina yote kwa njia ya pili, hata kama mwandishi aliyachapa kwa ya kwanza. Faili lililonakiliwa kutoka Macintosh hadi Linux lilifika na jina la baiti 12. Mtafiti akilichapa jina kwa kibodi yake hutoa baiti 9, na mfumo humjibu kwamba faili halipo, ilhali analiona kwenye orodha. Aweza hata kuunda la pili, na yote mawili yakakaa katika saraka moja kwa jina ambalo macho hayawezi kulitofautisha. APFS, iliyochukua nafasi ya HFS+ katika Macintosh mwaka 2017, hulihifadhi jina kama lilivyoletwa lakini huhesabu maumbo yote mawili kuwa jina moja. Hiyo ni nafuu, ila saraka ile ya Linux ikirudishwa huko, faili moja laweza kulifunika jingine.

Lugha za programu zimejibu swali hili kila moja kwa njia yake. Java, iliyotolewa mwaka 1996 kwa ahadi kwamba programu huandikwa mara moja na kwenda popote, iliamua kwamba jina ni maneno ya Unicode. Kwenye Unix, jina ambalo baiti zake hazifasiriki kwa msimbo uliowekwa hutiwa alama ya badala, na baiti za asili hupotea. Ndipo programu huliona faili kwenye orodha na ikashindwa kulifungua. Python 3 ilipotoka mwaka 2008 ilifuata njia iliyo karibu na hiyo, na kwa ubaya zaidi: ilipoombwa orodha kwa maneno, majina yasiyofasirika iliyaacha tu, kimya kimya. Mwaka uliofuata Martin von Löwis alileta pendekezo lililokubaliwa, kwamba kila baiti isiyofasirika ifichwe ndani ya nambari ya Unicode ambayo kwa kawaida haisimamii herufi yoyote, kisha irudishwe kuwa baiti wakati wa kulifungua faili. Ni hila, na hufanya kazi, mpaka mtu ajaribu kulichapisha jina hilo.

Go, ambayo Ken Thompson alikuwa miongoni mwa waundaji wake, huyahesabu maneno yote kuwa baiti, ikitumaini tu kwamba ni UTF-8. Tumaini hilo si ajabu, kwa kuwa UTF-8 yenyewe iliundwa na Thompson pamoja na Rob Pike mwaka 1992. Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, ndiyo pekee kati ya hizi iliyokiri kwamba haijui. Imeunda aina mbali ya neno, liitwalo OsString, kwa ajili ya yale yanayotoka kwa mfumo endeshi, na kumlazimisha mtunzi aseme atafanya nini ikiwa halifasiriki. Wanafunzi huinung'unikia. Mimi naiona ni adabu nzuri kuliko ya wenzake.

Yaliyomo ndani ya faili nayo yana mashaka ya namna hiyo. Kwa miaka mingi Java na Python, zilipofungua faili la matini bila kuambiwa msimbo wake, ziliuliza mfumo endeshi msimbo wa mahali. Kompyuta ya Windows iliyopangwa kwa Kiingereza hujibu kwa msimbo wa Ulaya ya Magharibi, ambao hauna ĩ wala ũ. Ukiandika Gĩkũyũ kwa msimbo huo Python husimama na kulalamika, na hilo ni jema. Ukisoma faili la UTF-8 kwa msimbo huo hakuna kulalamika: baiti mbili za ĩ husomwa kuwa Ä na ©, na matini yote huharibika kimya. Java ilibadili desturi yake mwaka 2022, katika toleo la 18, ikachukua UTF-8 bila kuuliza. Wataalamu wa Kiswahili huenda wasiliwahi kuliona kosa hili, kwa sababu alfabeti yetu haina alama juu ya herufi. Mwenzetu wa Gĩkũyũ au Kĩmĩĩrũ, chumba cha pili, analijua vizuri.

Dhana nyingine twaweza kuzipitia kwa haraka. Unix huruhusu faili kufutwa huku likiwa limefunguliwa, na programu iliyolifungua ikaendelea kulisoma. Windows kwa kawaida hukataa. Maktaba ya Go humpa mtunzi ruhusa za mafaili kwa mtindo wa Unix, za mwenyewe, za kikundi na za wengine, lakini kwenye Windows neno hilo hugusa kibali kimoja tu cha kuandika. Unix huzaa programu mpya kwa kuigawa ya zamani mara mbili. Windows haina desturi hiyo, na maktaba zinazoitegemea hulazimika kuanza upya huko.

Tena iko saa. Maktaba ya C huihesabu siku kwa saa 0 hadi 23 kuanzia usiku wa manane, na majedwali ya lugha yaliyomo katika Linux, la Kiswahili cha Kenya likiwamo, hutoa majina ya siku na miezi na ya nusu mbili za siku. Nafasi ya kuhesabu saa kutoka macheo haimo. Saa moja ya asubuhi ya Mswahili haiwezi kuandikwa kwa kujaza jedwali. Sharti mtu aiandikie programu.

Watafiti wengi wamezoea kushauriwa wayaite mafaili yao kwa herufi tupu za Kiingereza, Gikuyu na ngombe, ili kuepuka taabu. Ushauri huo hufaa kwa mafaili matano. Katika hifadhi ya maneno elfu kadhaa ambamo kila faili limepewa jina la neno lililorekodiwa, hufuta tofauti ile ile ambayo hifadhi iliundwa kuilinda. Lililo bora ni kuchagua umbo moja la Unicode na ritifaa moja, kuyaandika maamuzi hayo ndani ya hifadhi yenyewe, na kuyapitisha majina yote katika umbo hilo kabla ya kuyalinganisha. Python ina neno la kufanyia kazi hiyo katika maktaba yake sanifu, na Java imekuwa nalo tangu toleo la 6 la mwaka 2006. C sanifu haina neno hilo hata leo.